Kuamka kwa Kompyuta

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2011 nilizunguka katika vijiji vya Taita nikiwa na kinasa sauti kidogo mfukoni, nikiwauliza wazee habari za mashamba ya mkonge na kazi waliyoifanya humo katika siku za ukoloni. Wazee 11 walikubali kusema nami. Baadhi yao walisema kwa muda wa saa nzima bila ya kupumzika. Mmoja alisema maneno machache, kisha akaimba wimbo waliokuwa wakiuimba wakati wa kukata majani ya mkonge. Niliporudi nyumbani niliyahamisha mazungumzo yote katika kompyuta yangu ya kupakata, ile ambayo shuleni huitwa kipakatalishi, na kwa uvivu ambao hata leo hunitia haya sikuyaweka mahali pengine popote. Kinasa sauti chenyewe nilikifuta ili kipate nafasi ya kazi nyingine.

Miaka 10 ikapita. Kipakatalishi kilizeeka, nikanunua kingine, na kile cha zamani nikakitia sandukuni chini ya kitanda. Mwaka wa 2021, wakati ambapo wazee 9 katika wale 11 walikuwa wamekwisha fariki dunia, mjukuu wa mmoja wao alinijia kuomba asikie sauti ya babu yake. Nilikitoa kipakatalishi sandukuni, nikakipangusa vumbi, nikakiunga na umeme na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Taa ndogo ya mbele iliwaka. Feni ilivuma kidogo. Kioo kilibaki cheusi kama usiku usio na mwezi.

Nilikipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alikitazama kwa dakika mbili, akabonyeza kitufe mara tatu, akasema, "Mwalimu, hii imekufa. Lakini tukifuta diski yote na kupandisha mfumo mpya, huenda ikafufuka." Aliyasema hayo kwa wema, wala sikuona kwake dalili yoyote ya udanganyifu. Hata hivyo nilimwomba anirudishie mali yangu, nikaenda zangu. Sikufanya hivyo kwa kuwa nilijua ufundi kumshinda yeye, bali kwa sababu kuna historia niliyoisoma ambayo ilinifanya niitilie shaka dawa yake. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa.

Jambo la kwanza ambalo yafaa msomaji alifahamu ni kwamba kompyuta inapowashwa haijui kitu chochote. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi husahau kila jambo mara umeme unapokatwa. Haijui kama ina kioo, haijui kama ina diski, wala haijui namna ya kuyasoma maagizo ambayo yangeifundisha mambo hayo. Ili isome, yapasa iwe na maagizo ya kusoma; na ili iyapate maagizo hayo, yapasa kwanza isome. Ni kitendawili cha kuku na yai, na watu waliozitengeneza kompyuta za mwanzo walikitegua polepole kwa muda wa zaidi ya miaka 30.

Mashine kubwa iitwayo ENIAC haikukitegua kitendawili hicho, bali ilikikwepa. Ilionyeshwa kwa watu mwezi wa Februari mwaka wa 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, nchini Marekani. Uzito wake ulikaribia tani 30, na ndani yake mlikuwa na valvu karibu 18,000. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyo mfano wa taa, na uzi uliomo ndani yake hupashwa moto ili uweze kuongoza umeme. Maagizo ya ENIAC hayakuwekwa katika kumbukumbu. Yalitiwa kwa mikono, kwa kuchomeka na kuchomoa nyaya nene na kugeuza swichi nyingi, kazi ambayo iliweza kuchukua siku kadhaa kwa hesabu moja.

Watu waliofanya kazi hiyo hapo mwanzo walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakupewa kitabu cha mafundisho, kwa kuwa hakikuwapo. Walipewa michoro ya mashine, wakaisoma hata wakajua umeme unapita wapi na unafanya nini katika kila pembe. Matokeo yake ni kwamba mashine ilipokosea waliweza kuufuata mkosi hatua kwa hatua hata kuifikia valvu yenyewe iliyoharibika, moja katika zile 18,000. Jina la mafundi mara nyingi hupewa wale washikao bisibisi. Wanawake hawa walikuwa mafundi kwa akili kwanza, na kwa miaka mingi sifa zao hazikutajwa. Wageni walioiona picha yao pembeni mwa mashine walidhani ni watu waliosimamishwa hapo kwa ajili ya kupamba.

Jambo jingine liligunduliwa katika ENIAC ambalo lamhusu kila mtu mwenye chombo cha kale. Valvu nyingi ziliharibika wakati mashine ilipokuwa ikipata moto au ikipoa, yaani katika kuwashwa na kuzimwa. Kwa sababu hiyo wahandisi waliamua kuiacha ikiwaka usiku na mchana, na uharibifu ukapungua hata ikawa kwa kadiri valvu moja kwa kila siku mbili. Muda mrefu kabisa iliofanya kazi bila ya hitilafu ni saa 116, katika mwaka wa 1954. Basi hata tangu zamani hizo watu walijua kwamba saa ya hatari katika maisha ya kompyuta ni ile ya kuamka.

Kitendawili kilianza kushikwa kwa mikono miwili katika nchi ya Uingereza. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, mashine ndogo iliyotengenezwa na Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill ilifanya hesabu kwa kufuata maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na nafasi 32 tu, na maagizo ya siku ile yalikuwa 17. Lakini nani aliyeyatia maagizo humo? Mtu aliyatia kwa vidole, kitufe baada ya kitufe, na umeme ulipokatwa yalipotea yote. Mwanadamu mwenyewe ndiye aliyekuwa yai, naye ndiye aliyekuwa kuku.

Mwaka uliofuata kikapatikana kile ambacho mimi nakihesabu kuwa mwanzo wa kuamka kweli. Mjini Cambridge, Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wametengeneza kompyuta iitwayo EDSAC, iliyofanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Kijana mmoja miongoni mwao, David Wheeler, aliandika maagizo 31 mafupi ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuifundisha mashine kusoma utepe wa karatasi wenye matundu. Maagizo hayo hayakuwekwa katika kumbukumbu inayosahau. Yaliungwa kwa nyaya katika swichi za kuzunguka, za namna iliyotumika katika mitambo ya simu. Mtu alipobonyeza kitufe cha kuanzia, swichi zile zilizunguka na kuyaandika maagizo 31 katika kumbukumbu. Maagizo yale yakausoma utepe. Na utepe ukaleta kazi yenyewe. Hapo mashine ilikuwa imepewa mbegu ya elimu isiyooza umeme unapokatika. Kila kompyuta ulimwenguni leo, hata simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi, ina mbegu ya jamaa hiyo.

Wilkes huyo ameandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba siku moja mwaka ule wa 1949, akiwa katika ngazi za jengo lao baina ya chumba cha mashine na chumba cha kutobolea tepe, alitambua ghafula kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliosalia ingepita katika kutafuta makosa yaliyomo katika maagizo aliyoyaandika mwenyewe. Nimelipenda sana jambo hili. Mtu aliyekuwa amefanikiwa kuliko karibu wote wa wakati wake alisimama ngazini akaona makosa yamejipanga mbele yake kama safari ndefu, kisha akaendelea kupanda.

Hapa wengi hutaja hadithi ya nondo. Ni kweli kwamba tarehe 9 Septemba 1947 nondo alikutwa amenaswa katika swichi ya mashine iitwayo Mark II iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kwamba waendeshaji walimbandika katika daftari lao la kazi, ambalo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho nchini Marekani. Lakini si kweli kwamba Waingereza na Wamarekani walianza siku hiyo kuyaita makosa ya mitambo kwa jina la mdudu. Thomas Edison alilitumia jina hilo katika barua ya mwaka wa 1878. Hadithi nzuri hukimbia kuliko hadithi ya kweli, na mwanafunzi wa historia hana budi kuwa na pumzi.

Kitendo cha mashine kujiamsha kilipewa katika Kiingereza jina litokanalo na kamba za buti. Palikuwa na msemo wa mzaha juu ya mtu ajaribuye kujiinua kutoka chini kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe. Mafundi wa miaka ya 1950 waliona kwamba mashine inafanya mzaha huo kuwa kweli, na kwa hiyo hata mafundi wetu husema kompyuta "inabuti" au "imekataa kubuti", pengine bila ya kufikiri kwamba wanataja viatu.

Mbegu ile, hata hivyo, ilikuwa ghali, na kompyuta ndogo za mwanzo ziliuzwa bila yake. Mwaka wa 1975 ilitoka mashine iitwayo Altair 8800, iliyotengenezwa mjini Albuquerque, Marekani. Ilikuwa sanduku lenye safu za swichi na taa ndogo usoni. Paul Allen na Bill Gates waliiandikia programu bila ya kuwa na Altair yenyewe, na Allen akapanda ndege kwenda kuionyesha. Ndege ilipokaribia kutua alikumbuka kwamba walikuwa wamesahau jambo moja: hawakuandika yale maagizo mafupi ya kuifundisha mashine kuusoma utepe wa programu yao. Aliyaandika papo hapo juu ya karatasi, akayatia katika mashine kwa kugeuza swichi moja baada ya moja, na ilipoulizwa 2 na 2 ni ngapi, Altair ikajibu 4. Watu hukumbuka utajiri uliofuata. Mimi hukumbuka kwamba programu nzima ingekuwa kazi bure bila ya mistari ile iliyoandikwa angani.

Katika miaka iyo hiyo ya 1970 bei ya chipu zisizosahau ilishuka, na kampuni mbalimbali zikaanza kuzitia mbegu ndani ya mashine zao. Kompyuta iliyofanya utaratibu huo uwe kawaida ya dunia ni ile ya IBM, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Ndani yake mlikuwa na chipu yenye maagizo ya kudumu yaitwayo baiosi. Kabla ya kufanya lolote, baiosi ilijikagua: ilipima kumbukumbu, ikatazama kioo, ikagusa kibodi, ndipo ikaenda kuitafuta diski. Kila kitu kilipokuwa sawa, mashine ilitoa mlio mmoja mfupi. Palipokuwa na hitilafu, ilitoa milio ya namna nyingine.

Nataka msomaji atulie juu ya milio hiyo. Kwa nini mashine yenye kioo cha kuandikia iseme kwa kulia? Kwa sababu wakati huo kioo bado hakijaamshwa. Mashine iliyokwama kabla ya kufika kwenye kioo haina njia ya kuandika neno hata moja. Iliyobaki ni sauti. Kwa hiyo mlio si kelele tu. Ni habari, na habari yake ya kwanza ni kwamba kuna kitu ndani kinachoishi, kwa maana kichwa cha mashine kilichokufa kabisa hakiwezi kuliamrisha lolote lilie. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1984, IBM ilitoa kompyuta nyingine ambayo ilikuwa na betri ndogo ya kuilinda saa na kumbukumbu ya mipangilio wakati mashine imezimwa. Betri hiyo, ambayo siku hizi aghalabu ni ya umbo la sarafu, twaikuta katika kompyuta nyingi za zamani, nayo hufa baada ya miaka kadhaa kama betri nyingine zote.

Utaratibu huo ukahamia katika kompyuta za kubebwa. Osborne 1 ya mwaka wa 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, mzigo wa kumtoa mtu jasho; GRiD Compass ya mwaka wa 1982 ndiyo iliyoleta kile kifuniko kinachojikunja, tulichokizoea. Umbo lilibadilika, wala mpango wa kuamka haukubadilika sana. Umeme huja kwanza, kisha kichwa cha mashine, kisha baiosi, au mrithi wake katika mashine mpya, kisha kumbukumbu, kisha kioo, ambapo nembo ya mtengenezaji hutokea, kisha diski, na mwisho kabisa mfumo ulioandikwa katika diski hiyo. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka mtoni. Ndoo isipofika nyumbani, si lazima mtu wa mwisho ndiye mvivu.

Sasa msomaji aweza kuona kwa nini niliitilia shaka dawa ya fundi yule. Kipakatalishi changu hakikuonyesha hata nembo. Kilikuwa kimekwama mwanzoni mwa safu, na diski ilikuwa mwishoni. Diski haikuwa imeguswa, haikuwa imeitwa, pengine haikujua kwamba umeme umewaka. Kuifuta kusingaliiamsha mashine hata kidogo. Kungalizipoteza sauti za wazee 11 kwa ajili ya kosa lisilokuwa lake. Fundi aliuliza kama mashine ni nzima au imekufa. Swali lililofaa lilikuwa jingine: imefika wapi ikakwama?

Kabla sijasema nilivyofanya, nitaje mashine mbili zilizokuwa kongwe kuliko yangu kwa mbali, na zilizoamshwa kwa swali hilo hilo.

Ya kwanza ilijengwa Harwell, Uingereza, ikafanya kazi mwaka wa 1951 katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki. Ilikuwa na uzito wa tani mbili na nusu, na mwendo wake ulikuwa wa kobe: kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde kadhaa. Fadhila yake ilikuwa uvumilivu, kwa kuwa iliweza kuachwa peke yake usiku na mchana ikihesabu bila ya kuchoka. Mwaka wa 1957 ilipewa chuo cha ufundi cha Wolverhampton, ambako ilifundishia wanafunzi hadi mwaka wa 1973. Baada ya hapo iliwekwa katika jumba la makumbusho mjini Birmingham, na jumba hilo lilipofungwa mwaka wa 1997 mashine ilivunjwa vipande na kuwekwa ghalani, ikasahauliwa. Mwaka wa 2008 watu wa Jumba la Taifa la Makumbusho ya Kompyuta, lililopo Bletchley Park, waliitambua katika picha. Wakaichukua, wakaifanyia kazi kwa miaka mitatu, kipande kwa kipande, na tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa mbele ya watu, wakiwamo baadhi ya wale walioijenga na kuitumia katika ujana wao. Ina taa 828 za namna ya pekee ambazo huonyesha kila tarakimu kwa nukta ing'aayo, hivyo mtu huweza kuitazama hesabu ikipita kwa macho yake. Ni nadra sana mashine kumwonyesha fundi wazi hivyo mahali ilipokwama.

Ya pili haikuweza kutazamwa wala kuguswa na mtu yeyote. Chombo cha angani Voyager 1 kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 24 hivi kutoka duniani, kilianza kutuma maneno yasiyo na maana. Kompyuta iliyokuwa imeharibika ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 46, na kila swali lililoulizwa lilichukua saa 22 na nusu kufika, na jawabu lake saa 22 na nusu nyingine kurudi. Wahandisi hawakukata tamaa wala hawakubahatisha. Mwezi wa Machi 2024 walipata nakala ya kumbukumbu yote ya kompyuta ile, wakailinganisha na nakala iliyochukuliwa wakati ilipokuwa nzima, wakatafuta tofauti. Wakaona ni chipu moja, iliyobeba kiasi cha asilimia 3 ya kumbukumbu. Kuibadilisha haikuwezekana. Kwa hiyo waliyagawa maagizo yaliyokuwa mle, wakayahamishia mahali mbalimbali palipokuwa na nafasi, na tarehe 20 Aprili 2024 chombo kikasema tena maneno yanayoeleweka.

Mimi nilikuwa na mashine yangu juu ya meza, na pembeni yangu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliyekuja kunishikia tochi. Wakati ule habari ya Voyager ilikuwa bado kutokea, lakini mfano wa ENIAC ulitutosha. Tulikubaliana tuanze mtoni.

Tulianza na tundu la ukutani kwa kuchomeka taa ya meza, likawa zima. Tukapima adapta kwa mita ya umeme: juu yake pameandikwa volti 19, na mita ikasema 19. Tukachomoa umeme wote na kuitoa betri kubwa, tukaichunguza kama imevimba, maana betri iliyovimba ni hatari ya moto, haifai kutobolewa wala kubanwa. Haikuvimba. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, betri ikiwa nje, ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha tukajaribu kwa adapta peke yake. Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi. Mwanafunzi akamulika tochi juu ya kioo kwa upande, kwa kuwa wakati mwingine picha huwapo na mwanga wa nyuma yake ndio uliokufa. Hapakuwa na picha.

Hapo yule kijana akasema, "Mwalimu, nasikia kitu." Tukanyamaza. Ilikuwa saa tatu ya usiku, barabara imetulia. Kutoka ndani ya mashine ulitoka mlio hafifu, ukakoma, ukarudi, ukakoma. Katika duka la fundi palikuwa na redio na pikipiki. Asingaliweza kuusikia, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo.

Milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tulitafuta kitabu cha maelezo cha aina ile ya kipakatalishi. Kilisema ni kumbukumbu. Basi tulijua mambo mengi kwa mara moja: umeme unafika, kichwa kinafanya kazi, baiosi ni nzima, na ndoo imekwama mikononi mwa mtu wa nne. Tukachomoa adapta, tukagusa chuma ili tuondoe umeme wa mwilini, tukafungua kifuniko kidogo cha chini kwa bisibisi. Mlikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu, na meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia rangi kwa unyevu wa miaka ile ya chini ya kitanda. Kijana akatoa raba ya kufutia penseli mfukoni mwake, akayasugua meno taratibu hata yakang'aa, akapangusa mabaki. Tukarudisha kipande kimoja tu kwanza, ili kama kingine ni kibovu tukijue.

Nembo ikatokea. Mara baada yake yakaja maneno kwamba saa si sahihi na mipangilio imepotea: ile betri ya sarafu ilikuwa imekufa. Mashine iliamini kwamba ni tarehe 1 Januari 2009. Niliandika tarehe ya siku ile kwa mkono wangu, ikakubali bila ya ubishi, ikaenda kuisoma diski.

Usiku ule ule niliyanakili mazungumzo yote mahali patatu. Siku ya pili mjukuu yule alikuja, akaketi mbele ya kioo, nami nikafungua sauti aliyoitaka. Iliyotangulia ilikuwa yangu, nikimwuliza babu yake jina na mwaka aliozaliwa. Mzee alikohoa kidogo, akataja jina lake kamili na la baba yake na la babu yake, kisha akasema kwamba mwaka hakuna aliyeuandika, ila mama yake alimwambia alizaliwa katika wakati wa njaa, mvua za vuli zilipokosekana mara ya pili.